Usimdharau mbeba yai: mwongozo wa kumtumia mlinzi katika mapambano ya Pokémon

Mwezi uliopita mpwa wangu, kijana wa miaka 15, aliingia nyumbani baada ya Isha akiwa amenuna. Alitoka kibarazani kwa wenzake, pale wanapokaa jioni kupambanisha Pokémon kwenye simu. Alikuwa amefungwa, na hilo si jambo geni. Kilichonishtua ni kwamba waliwekeana shilingi 200 kila mmoja, na hizo 200 zake zilikuwa nauli ya shule.

"Mjomba, nilikuwa na washambuliaji sita wakali," akaniambia. "Mmoja tu wa kwao ndiye aliyewamaliza wote."

Nikamuuliza mlinzi wake alikuwa nani. Akacheka. Akaniambia hapo kibarazani ukionekana na mlinzi utaitwa mwoga.

Suala la nauli tulilimaliza siku ile ile na nitalirudia mwishoni. Hili la mlinzi nimeona niliandike kwa urefu, kwa sababu najua si yeye peke yake. Nimecheza mchezo huu tangu enzi za vifaa vya mkononi vya rangi mbili, na kosa ninaloliona kwa vijana wetu ni lile lile nililolifanya mimi kwa miaka: kujaza kikosi watu wa kupiga, bila mtu wa kupokea. Ni kama timu ya mpira yenye washambuliaji kumi na moja, haina beki wala golikipa.

Mlinzi nitakayemtumia kama mfano ni Chansey, yule wa rangi ya waridi aliyebeba yai tumboni, pamoja na dada yake mkubwa Blissey. Ukimwelewa huyu, walinzi wengine wote utawaelewa.

Kwanza, mchezo wenyewe kwa ufupi

Pokémon ulianza Japani mwaka 1996, kazi ya kampuni ya Game Freak chini ya Satoshi Tajiri. Chansey yumo tangu siku ya kwanza, nambari 113 katika orodha ya viumbe 151 wa mwanzo. Blissey, ambaye ndiye Chansey akikua, aliletwa na michezo ya Gold na Silver mwaka 1999. Mtoto wao, Happiny, alikuja mwaka 2006 na Diamond na Pearl.

Pambano lenyewe ni la zamu kwa zamu. Kila mchezaji huchagua la kufanya bila kujua mwenzake amechagua nini, kisha yote mawili hutokea, mwenye kasi akitangulia. Katika mapambano ya mmoja kwa mmoja kila upande una viumbe sita, na mmoja tu ndiye anayekuwa uwanjani. Unaweza kupiga, au ukatumia zamu yako kumtoa aliyepo na kumwingiza mwingine. Huko kutoa na kuingiza ndiko roho ya mchezo, na ndiko mlinzi anakopatia kazi.

Kila kiumbe ana mambo sita yanayohesabiwa: uhai, nguvu ya kupiga kwa mwili, kinga ya mwili, nguvu ya kupiga kwa uwezo maalumu kama moto na umeme, kinga dhidi ya uwezo huo maalumu, na kasi. Shika tofauti hii ya kinga mbili. Anayepokea ngumi vizuri si lazima apokee moto vizuri.

Vijana wengi hapa hawana kifaa cha Nintendo, kwa sababu bei yake si mchezo. Wanatumia Pokémon Showdown, uwanja wa bure unaofunguka kwenye kivinjari cha simu. Bando haliliwi sana, na kikosi unakitunga kwa dakika chache badala ya kulea kiumbe kwa siku nyingi. Mahesabu yote niliyoweka hapa chini ni ya kiwango cha 100, kama kinavyotumika katika mapambano ya mmoja kwa mmoja kwenye uwanja huo.

Chansey ni nani kwa hesabu

Ukitazama takwimu za msingi za Chansey utadhani ni mzaha. Kupiga kwa mwili 5. Kinga ya mwili 5. Nguvu maalumu 35. Kasi 50. Lakini uhai wake ni 250 na kinga maalumu ni 105. Blissey ana uhai wa 255, na hakuna kiumbe mwingine katika Pokémon nzima aliye na uhai wa msingi mkubwa kuliko huo.

Basi kwa nini wachezaji wengi humwacha Chansey bila kumkuza awe Blissey? Jibu ni kifaa kiitwacho Eviolite, kilicholetwa na michezo ya Black na White mwaka 2010. Kiumbe ambaye bado hajakua kikamilifu akikishika, kinga zake zote mbili huongezeka kwa nusu. Mtoto akawa mgumu kuliko mama yake.

Hapa pana hesabu ambayo wengi huikosea. Kila kiumbe hupewa pointi za mazoezi 510 za kugawa, na huwezi kuweka zaidi ya 252 mahali pamoja. Wengi humwona Chansey ana uhai mwingi, wakadhani wamwongezee uhai. Tazama kinachotokea:

Bila pointi yoyote, uhai wa Chansey ni 641. Ukimwekea zote 252 unafika 704. Umeongeza kama asilimia 10.

Bila pointi yoyote, kinga yake ya mwili ni 46. Ukimwekea 252 inafika 109, zaidi ya mara mbili. Ukimchagulia tabia ya Bold, ambayo huongeza kinga ya mwili na kupunguza kupiga kwa mwili, inafika 119. Akishika Eviolite inakuwa 178.

Pointi ni zile zile, faida ni tofauti kabisa. Penye upungufu ndipo pa kujaza kwanza. Pointi 252 za mwanzo ziende kwenye kinga ya mwili, kisha zinazobaki uziweke kwenye uhai au kinga maalumu. Na ile tabia ya Bold haikugharimu kitu, kwa maana Chansey hapigi kwa nguvu ya mwili wake, kama utakavyoona.

Upande wa uwezo maalumu, hata usipomwekea pointi hata moja, kinga yake ni 246, na kwa Eviolite inakuwa 369. Blissey asiyewekewa pointi ana 306. Umeona tofauti.

Mbinu zake nne

Kila kiumbe hubeba mbinu nne tu. Kwa Chansey mimi hupanga hivi.

Ya kwanza ni Soft-Boiled, yai lenyewe. Humrudishia nusu ya uhai wake wote kwa zamu moja. Kwa Chansey mwenye uhai wa 704 hiyo ni 352. Hii haiachwi kamwe.

Ya pili ni Seismic Toss. Mbinu hii haiangalii nguvu ya anayepiga wala kinga ya anayepigwa. Hutoa uhai sawa na kiwango cha mpigaji: akiwa kiwango cha 100, hutoa 100 kila mara. Ndiyo maana ule udhaifu wake wa kupiga haumsumbui. Adui wengi wenye kasi wana uhai wa kama 300, kwa hiyo makofi matatu au manne yanatosha.

Ya tatu ni ya kuugusa mwili wa adui polepole. Unachagua kati ya Toxic na Thunder Wave. Toxic ni sumu inayozidi: zamu ya kwanza hula sehemu 1 ya 16 ya uhai, ya pili sehemu 2, ya tatu sehemu 3, na kuendelea. Baada ya zamu tano adui amepoteza sehemu 15 kati ya 16 bila wewe kumgusa. Thunder Wave humpoozesha: kasi yake inashuka, na mara moja kati ya nne anashindwa hata kusogea. Toxic ni kwa walinzi wenzako, Thunder Wave ni kwa wenye mbio.

Ya nne ni Stealth Rock, mawe yanayoelea upande wa adui na kumchoma kila anayeingia uwanjani. Mtu wa kawaida hupoteza sehemu 1 ya 8 ya uhai. Aliye dhaifu mara mbili kwa mawe, kama Charizard ambaye ni wa moto na wa kuruka, hupoteza nusu nzima kwa kuingia tu.

Kipaji chake kiwe Natural Cure. Kila anapotoka uwanjani, maradhi yake yote, iwe sumu, kupooza au kuungua, hupona. Kwa hiyo anaweza kupokea sumu iliyokusudiwa mwenzake, akatoka, na ikawa si kitu.

Kanuni ya nusu

Kama utakumbuka jambo moja tu katika makala haya, liwe hili. Mlinzi mwenye dawa ya kurudisha nusu ya uhai hashindwi na pigo lolote linalotoa chini ya nusu. Akipigwa 300, anarudisha 352. Akipigwa tena 300, anarudisha tena. Adui anachoka, na huku mawe na sumu zinaendelea kumla. Lakini pigo likivuka nusu, dawa haisaidii. Ni kama kupiga maji nje ya mtumbwi: ukitoa ndoo moja huku zikiingia mbili, unazama tu.

Kwa hiyo kila mlinzi anapoingia jiulize: huyu aliye mbele yangu, pigo lake kubwa linavuka nusu? Kama halivuki, kaa. Kama linavuka, toka sasa hivi, usingoje kuona.

Kuna ukomo pia wa dawa. Kila mbinu ina idadi ya mara inazoweza kutumika. Zamani Soft-Boiled ilifika mara 16 ikiongezwa hadi mwisho. Tangu Scarlet na Violet za mwaka 2022 imepunguzwa, mwisho wake ni mara 8. Waliozoea kula yai kila zamu hata wakiwa na uhai wa robo tatu sasa wanajikuta mikono mitupu kabla ya mchezo kuisha. Kula ukiwa karibu na nusu, usile kwa hofu.

Pambano la mpwa wangu, tulilirudia

Aliyemmaliza mpwa wangu alikuwa Volcarona, nondo wa moto. Huyu ana mbinu iitwayo Quiver Dance, ngoma inayompandisha nguvu maalumu, kinga maalumu na kasi kwa mpigo mmoja. Akiicheza mara moja tu, washambuliaji wengi hawamfikii tena kwa mbio wala kwa nguvu. Ndivyo ilivyokuwa. Alimpa nafasi ya kucheza ngoma, kisha wakaanguka mmoja baada ya mwingine.

Tukakaa mezani na kalamu. Nikamwambia tumweke Chansey mahali pale, tuone.

Volcarona aliyeandaliwa kwa nguvu kamili, akipiga Fire Blast kwa Chansey tuliyemweleza hapo juu, hutoa kwa wingi wake kama 155. Akiwa amecheza ngoma moja hutoa kama 230. Ngoma mbili, kama 305. Ngoma tatu, zaidi ya 380. Nusu ya Chansey ni 352. Maana yake Chansey anamvumilia hata baada ya ngoma mbili, lakini ya tatu inavuka mstari.

"Basi tumeshinda, Mjomba," akasema.

Nikamwambia angoje, ahesabu zamu. Volcarona ana uhai wa 311. Chansey anaingia huku yeye akicheza ngoma ya kwanza. Zamu inayofuata anacheza ya pili, anapigwa Seismic Toss, anabaki 211. Anacheza ya tatu, anapigwa, anabaki 111. Sasa anapiga 380, Chansey anabaki na 320 hivi, anajibu, Volcarona anabaki na 11. Na yeye ndiye mwenye kasi. Akipiga tena kwa nguvu ile ile, Chansey amekwisha, kwa pointi 11 tu zilizobaki upande wa pili.

Akanyamaza. Nikamwambia sasa weka mawe uwanjani kabla nondo hajaingia. Volcarona ni mdudu na ni moto, wote wawili dhaifu kwa mawe, kwa hiyo anapoteza nusu kwa kuingia tu. Anabaki na 156. Anacheza ngoma ya kwanza, Chansey anaingia. Kofi la kwanza, 56. Kofi la pili, amelala. Hata akicheza ngoma ya tatu, hana nafasi ya kuitumia.

Mlinzi peke yake alikuwa anapoteza kwa nywele. Mlinzi yule yule, na kazi ya mawe iliyofanywa zamu nyingi kabla, anashinda bila jasho. Wacheza bao wanalijua hili: kete inayokula sasa ilipangwa muda mrefu nyuma.

Tahadhari moja. Tangu mwaka 2019 kuna viatu viitwavyo Heavy-Duty Boots, na anayevivaa hagusi mitego yoyote. Volcarona wengi siku hizi wanavyo. Hapo usingoje ngoma ya pili. Mpoozeshe kwa Thunder Wave anapocheza ile ya kwanza, kisha endelea na makofi.

Anachokiogopa Chansey

Hakuna ukuta usio na ufa, na ufa wa huyu uujue kabla adui hajakuonyesha.

Aina ya ngumi. Chansey ni wa aina ya kawaida, na udhaifu wake mmoja tu ni ngumi. Lakini huo mmoja unagonga pale pale kwenye kinga yake duni ya mwili, na unazidishwa mara mbili. Ukimwona mpiganaji wa ngumi, toka.

Knock Off. Pigo hili humwangusha adui kifaa alichoshika. Chansey akipoteza Eviolite, kinga yake ya 178 inarudi 119 na ya 369 inarudi 246, na hairudi tena mpaka mchezo uishe. Msimwingize mbele ya anayejulikana kubeba Knock Off. Kama kikosi cha adui kimejaa hao, heri umlete Blissey, ambaye hategemei kifaa kwa kiasi hicho.

Taunt. Hii humchokoza kiumbe asiweze kutumia mbinu isiyo pigo kwa zamu tatu. Hapo yai halipo, sumu haipo, mawe hayapo. Kinabaki kofi tu.

Mizuka. Seismic Toss ni ya aina ya ngumi, na mzuka haguswi na ngumi. Gengar ni mzuka na ni sumu, kwa hiyo kofi halimgusi na Toxic haimgusi. Chansey mwenye hizo mbili mbele ya Gengar ni mtu anayepigana na kivuli. Kuna faida kidogo upande wa pili: mapigo ya aina ya mzuka nayo hayamgusi Chansey.

Psyshock. Ni pigo la uwezo maalumu, lakini huipima kinga ya mwili. Limewaponza wengi waliodhani wako salama mbele ya mtu wa akili.

Mlinzi hatembei peke yake

Mkono mmoja haulei mwana. Mlinzi mmoja hawezi kupokea kila kitu, na asiyelijua hili humchosha Chansey mpaka akafa, kisha akasema hafai.

Mwenzi wake wa miaka mingi ni Skarmory, ndege wa chuma. Kinga yake ya mwili ya msingi ni 140. Ngumi haimuumi maradufu, ardhi haimgusi, sumu haimgusi. Anachokiogopa ni moto na umeme, na hivyo viwili mara nyingi huja kama uwezo maalumu, yaani chakula cha Chansey na Blissey. Mmoja anaogopa anachokipenda mwenzake. Skarmory na Blissey walikuwa jozi iliyowatoa watu jasho tangu miaka ya mwanzo ya 2000.

Na walipatiwa dawa yao. Magneton ana kipaji cha Magnet Pull, sumaku inayomzuia wa chuma asitoke uwanjani. Akimnasa Skarmory anamuua kwa umeme, na Blissey anabaki mjane mbele ya wapiga ngumi. Somo ni kwamba usiijenge nyumba juu ya nguzo mbili tu. Ongeza wa tatu, kwa mfano Slowbro, ambaye ni wa maji na wa akili, anapokea ngumi vizuri, na akiwa na kipaji cha Regenerator hurudishiwa theluthi ya uhai kila anapotoka.

Na ni lazima uwe na wa kumaliza. Kikosi cha walinzi sita kinawezekana, lakini kwa anayejifunza mimi hushauri walinzi wawili au watatu, na waliobaki wawe wa kupiga. Mlinzi anafungua mlango, mshambuliaji ndiye anayeingia.

Uwanja wa wawili kwa wawili ni habari nyingine

Mashindano rasmi ya Pokémon huchezwa wawili kwa wawili. Unakuja na sita, unachagua wanne, na wote huwekwa kiwango cha 50. Huko Chansey hana raha sana, kwa sababu adui wawili wanaweza kumwangukia kwa pamoja, na mchezo ni mfupi kiasi kwamba sumu haipati muda wa kukolea. Mlinzi wa huko hapokei kwa ajili ya nafsi yake, anapokea kwa ajili ya aliyesimama kando yake.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 2014 kule Washington, D.C., katika mashindano ya dunia. Se Jun Park wa Korea Kusini aliingia na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye jumla ya takwimu zake za msingi ni 405. Hata Chansey anamzidi, ana 450. Hakuna aliyemtegemea.

Lakini Pachirisu alikuwa na Follow Me, mbinu inayovuta mapigo yamwelekee yeye badala ya mwenzake, na kipaji cha Volt Absorb, ambacho hugeuza pigo la umeme likawa dawa. Mwenzake alikuwa Gyarados, mkali wa maji na wa kuruka ambaye umeme humuua haraka kuliko kitu kingine. Adui akirusha umeme kwa Gyarados, kindi anauvuta na kuunywa. Adui akipiga kitu kingine, kindi anapokea na Gyarados anaendelea na kazi. Park alitwaa ubingwa wa dunia wa kundi la watu wazima.

Kindi yule hakuchaguliwa kwa nguvu zake. Alichaguliwa kwa sababu mwenye kikosi alijiuliza: mtu wangu muhimu anaogopa nini, na ni nani atakayesimama mbele ya hicho? Swali hilo ndilo la kuanzia unapotunga kikosi, hata kama huchezi wawili kwa wawili.

Makosa ninayoyaona kila jioni

Kumtoa mlinzi kama chambo. Mtu akiona mambo magumu anamwacha Chansey afe ili amwingize mshambuliaji bure. Dakika tano baadaye anakutana na mtu wa moto na hana wa kumpokea. Kabla hujamtoa mtu mhanga, tazama nani bado yuko hai upande wa pili.

Kumwingiza akiwa amechoka. Mlinzi mwenye robo ya uhai si mlinzi. Mpe yai kwanza palipo na utulivu.

Kubonyeza kofi kila zamu. Adui akijificha nyuma ya Substitute, kofi la 100 kwa kawaida huivunja. Lakini wapo wenye uhai wa 404 na zaidi, ambao kivuli chao huwa na uhai wa 101. Kofi linakiacha na pointi moja, na adui anapata zamu ya bure. Jua uhai wa unayempiga.

Kukasirika. Huyu ndiye adui mkubwa. Mlinzi anadai subira, na asiye na subira atamlaumu mlinzi kwa makosa ya kidole chake.

Je, ni uwoga?

Nimesikia wanaosema kucheza kwa kumchosha adui si uungwana. Sikubaliani nao. Anayetumia mlinzi anacheza ndani ya kanuni, anahesabu zaidi, na anabeba hatari yake: kosa moja la kuingiza mtu, ukuta wote unaporomoka. Kisicho uungwana ni kukaa bila kuchagua ili saa imuishie mwenzako, au kumtukana anapofungwa. Huo ni utovu wa adabu, na hauna uhusiano na Chansey.

Sasa nirudi kwenye zile 200. Mwaka 2001 Mufti Mkuu wa Saudi Arabia alitoa fatwa ya kuukataza Pokémon, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kufanana na kamari. Mimi si mwanachuoni, na mzazi mwenye shaka na mchezo wenyewe amuulize sheikh wake. Lakini juu ya kuwekeana pesa hatuhitaji kwenda mbali kuuliza. Kamari ni kamari, hata mezani pakiwa na viumbe wa rangi ya waridi. Wazazi, ulizeni. Msiulize tu "unacheza nini?" Ulizeni "mnachezea nini?"

Mpwa wangu nilimpa nauli ya siku tatu, na zile mbili nyingine alitembea. Simu nilimrudishia Jumamosi. Jioni ile ile alikwenda kibarazani na Chansey kikosini, bila shilingi mezani. Walimcheka mpaka yai la tatu. Aliporudi sikumuuliza kama alishinda, yeye mwenyewe akaniambia:

"Mjomba, wamesema kesho nao wanamleta Knock Off."

Nikamwambia vizuri. Basi kesho aanze na Skarmory.